Jinsi ya kupanga programu ya wavuti yenye hifadhidata: ushauri kwa wanaoanza kazi

Wanafunzi wanaokuja Nakuru kwa mafunzo ya kazini, wengi wao wakitoka Egerton kule Njoro, Kabarak na vyuo vya ufundi vya hapa mjini, huwa na desturi moja: wakipewa mfumo wa kutengeneza, huanza na kurasa. Huchora fomu ya kuingilia, wakachagua rangi na kupanga vitufe, kisha hifadhidata hufuata nyuma ikichukua umbo la fomu zile. Ninaielewa sababu yake, kwa kuwa ukurasa ndio unaoonekana na ndio atakaousifu mteja siku ya kwanza. Hata hivyo, ninawashauri mwanze upande wa pili. Kurasa hubadilishwa kila baada ya muda mfupi, lugha ya programu hubadilishwa, hata kampuni iliyotengeneza mfumo huondoka ikaja nyingine. Data hubaki, na kila anayekuja baadaye huirithi pamoja na mpangilio wake, uwe mzuri au mbaya.

Ili tuelewane, nitatumia mfano wa kazi inayofahamika vizuri katika kaunti hii: ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenye wanachama 800, unaopokea maziwa asubuhi na jioni katika vituo kadhaa, unaowakopesha wanachama chakula cha ng'ombe dukani, na unaowalipa mwisho wa mwezi kwa M-Pesa baada ya kukata walichokopa. Ushirika huu nimeubuni kwa ajili ya maelezo, na bei nitakazotaja ni za mfano tu.

Sehemu ya kwanza ya kazi ifanyike bila kompyuta. Nendeni kwenye kituo cha kupokelea maziwa alfajiri, msimame karibu na mizani, mwangalie karani anaandika nini na kwa mpangilio upi. Mtaliona daftari la mapokezi lenye namba ya mwanachama, zamu na kilo; mtaiona kadi anayobaki nayo mfugaji; na ofisini mtakuta leja ya mikopo ya duka pamoja na orodha ya malipo ya mwezi. Hayo ni majedwali ambayo tayari yamefikiriwa na watu wanaoijua kazi yao. Kisha muulizeni karani yale yasiyoandikwa popote. Mfugaji akileta maziwa mara mbili katika zamu moja, hufanywaje? Maziwa yakikataliwa kwa kuwa yametiwa maji, huandikwa au mfugaji hurudi nayo tu? Mama na mwanawe wakileta kwa namba moja, nani hulipwa? Kila jibu litakuwa safu (aina moja ya taarifa inayojazwa katika kila mstari), jedwali au sharti ndani ya hifadhidata yenu, na jibu ambalo hamkulitafuta mapema litawafikia baadaye kama malalamiko ya siku ya malipo.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba data inaweza kupangwa katika mahusiano, ambayo sisi tunayaona kama majedwali, bila mtumiaji kulazimika kujua mashine imeihifadhi vipi ndani yake. Lugha ya SQL, inayotumika kuiuliza na kuiandikia hifadhidata, na hifadhidata tunazozitumia leo kama PostgreSQL, MySQL na SQLite, zimejengwa juu ya wazo hilo. Kwa kazi yetu ya kila siku, sehemu ya wazo hilo inayofaa kushikwa kwa mikono miwili ni kwamba kila ukweli uandikwe mahali pamoja. Jina la mfugaji limo katika jedwali la wanachama. Jedwali la mapokezi halina jina, lina kitambulisho kinachoelekeza kwa mwanachama husika. Mfugaji akibadilisha jina au namba ya simu, mnarekebisha mstari mmoja, na ripoti zote zinafuata.

Kitambulisho chenyewe kinahitaji uangalifu. Wengi hutaka kutumia namba ya simu, kwa hoja kwamba kila mtu anayo na haifanani na ya mwingine. Kwa kweli laini moja hutumiwa na watu wawili wa nyumba moja, mtu hupoteza laini akasajili nyingine, na namba hiyohiyo huandikwa na karani mmoja ikianza na 07, na mwingine ikianza na 254. Namba ya kitambulisho cha taifa nayo huandikwa vibaya na kusahihishwa baadaye. Kwa hiyo kila mwanachama apewe namba ya ndani isiyo na maana yoyote, itolewe na hifadhidata yenyewe, isibadilike kamwe, na hiyo ndiyo itumike kuunganisha majedwali. Namba ya uanachama iliyo kwenye kadi iwe safu ya kawaida yenye sharti la kutojirudia. Simu ihifadhiwe kama maandishi, kwa umbo moja tu, tuseme 254 na tarakimu tisa zinazofuata, na programu ndiyo ibadilishe kila kilichoandikwa kuwa umbo hilo kabla ya kukihifadhi. Kuhusu majina, msimlazimishe mtu kugawanya jina lake kuwa la kwanza na la ukoo. Hapa kwetu mtu ana majina mawili, matatu au manne, na mpangilio wake hutofautiana. Safu moja ya jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho inatosha.

Sasa tufike kwenye bei, kwa sababu hapo ndipo mifumo mingi niliyoitwa kuikagua ilipoharibikia. Mtengenezaji huweka bei ya kilo katika mstari mmoja wa mipangilio, na bodi ya ushirika ikipandisha bei, karani hufungua ukurasa akaandika bei mpya juu ya ile ya zamani. Tuseme tarehe 1 Machi bei ilikuwa shilingi 45, na kuanzia tarehe 16 ikawa 48. Mfugaji anayeleta kilo 10 kila siku anastahili shilingi 6,750 kwa siku 15 za mwanzo na shilingi 7,680 kwa siku 16 zilizobaki, jumla shilingi 14,430. Mfumo wenye bei moja utazidisha kilo 310 kwa 48 na kutoa shilingi 14,880. Tofauti ya shilingi 450 yaonekana ndogo mpaka muizidishe kwa wanachama 800, ambapo ushirika utakuwa umetoa shilingi 360,000 ambazo haukupanga kuzitoa. Ubaya wa pili ni kwamba ripoti za miezi iliyopita nazo zitabadilika, na mkaguzi wa hesabu akija atakuta Februari ya mfumo hailingani na Februari ya benki.

Dawa yake ni kulifanya suala la bei kuwa jedwali lenye kiasi na tarehe ya kuanza kutumika. Bei mpya ni mstari mpya. Ya zamani haiguswi. Anayetaka kujua bei ya siku fulani hutafuta mstari wenye tarehe ya karibu zaidi isiyopita siku hiyo. Mkishazoea kufikiri hivi mtagundua kwamba mambo mengi yana sura hiyo: kiwango cha makato, kituo anachopeleka mwanachama, afisa anayesimamia eneo. Kila mnapotaka kuandika juu ya thamani ya zamani, jiulizeni kama kuna mtu atakayehitaji kujua jana ilikuwa ngapi.

Hapa kuna jambo linalowatatiza wanafunzi hodari hasa. Wamefundishwa kwamba kitu kinachoweza kukokotolewa kisihifadhiwe, na kwa jumla ni kweli. Basi huuliza kwa nini tuhifadhi kiasi alicholipwa mfugaji, ikiwa kilo zipo na bei ipo. Jibu ni kwamba kabla ya mwezi kufungwa, kiasi hicho ni hesabu, na kinafaa kukokotolewa kila kinapoulizwa. Mwezi ukishafungwa na pesa kutumwa, kiasi hicho ni tukio lililotokea. Hata ikigunduliwa baadaye kwamba kilo fulani zilikosewa, ukweli kwamba mfugaji alipokea shilingi 14,430 tarehe fulani haubadiliki. Kwa hiyo jedwali la malipo lihifadhi kilo, makato na kiasi kama vilivyokuwa siku ya kufunga, na tofauti itakayogunduliwa iingizwe katika mwezi unaofuata.

Makosa ya karani yashughulikiwe kwa moyo huohuo. Karani akiandika 181 badala ya 18.1, kishawishi ni kumpa kitufe cha kuhariri. Msimpe. Mhasibu mzuri hafuti kwenye leja yake. Huandika marekebisho yanayoonekana. Wekeni jedwali la marekebisho linaloelekeza kwenye mstari wa mapokezi uliokosewa, likieleza kilo za kuongeza au kupunguza, sababu, aliyefanya, aliyeidhinisha na wakati. Mfugaji akija na kadi yake kulalamika, afisa ataweza kumsomea historia yote, na karani mwaminifu atakuwa na ushahidi wa kumlinda dhidi ya shutuma. Katika mfumo unaohusu pesa za watu, hili nalihesabu kuwa la lazima, na singekubali kulipunguza hata mteja akisema anataka jambo jepesi.

Fedha na kilo zisihifadhiwe kama namba za desimali za mwendo huru, zile zinazoitwa FLOAT au DOUBLE. Kompyuta huziandika kwa mfumo wa mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, ambamo sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu. Ndiyo maana katika Python au JavaScript 0.1 kuongeza 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Tumieni DECIMAL, aina inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, au hifadhini senti kama namba kamili. Kisha muulizeni mhasibu jinsi anavyokadiria senti, kwa kila siku au kwa jumla ya mwezi, maana majibu hayo mawili hutoa kiasi tofauti, na uamuzi ni wake.

Masharti yote mliyoyapata kwa karani na mhasibu yaandikwe ndani ya hifadhidata, hata kama fomu nayo inayakagua. Fomu ni mlango mmoja tu. Kesho data itaingia kupitia faili la Excel, keshokutwa kupitia simu ya karani. Safu isiyoruhusiwa kuwa tupu itangazwe hivyo, uhusiano kati ya majedwali ulindwe kwa ufunguo wa kigeni (sharti kwamba kitambulisho kilichoandikwa kiwepo kweli katika jedwali kinaloelekeza), na kilo zilizopokelewa ziwe na sharti la kuzidi sifuri. Jueni pia tabia ya hifadhidata mnayoitumia: SQLite hailindi funguo za kigeni mpaka muiagize kwa kila muunganisho, na MySQL kabla ya toleo la 8.0.16 ilikuwa ikiyasoma masharti ya CHECK bila kuyatekeleza, hivyo mtu alidhani analindwa kumbe sivyo. Na msiweke sharti kwa kukisia. Mtu anaweza kusema mwanachama, tarehe na zamu visijirudie pamoja, kumbe karani amekwishawaambia kwamba mfugaji mwenye ng'ombe wengi huleta mkebe wa pili baada ya nusu saa. Sharti hilo lingezuia maziwa halali.

Kuhusu mpangilio wa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, mtakutana mapema na mgawanyo wa modeli (data na kanuni zake), mwonekano (kurasa) na kidhibiti (kinachopokea maombi), ambao Trygve Reenskaug aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1970 alipokuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, kabla ya wavuti kuwapo. Viunzi vya wavuti, yaani misingi ya programu iliyoandikwa tayari, kama Rails ya 2004, Django ya 2005 na Laravel ya 2011 viliuchukua, kila kimoja kwa namna yake, na vitawapa folda zilizopangwa tayari. Tumieni kimojawapo, hakuna sababu ya anayeanza kujijengea chake. Lakini folda peke yake si mpangilio. Nimeona miradi ya Laravel yenye folda safi ambamo hesabu ya malipo imeandikwa ndani ya kidhibiti cha ukurasa wa ripoti, ikanakiliwa kwenye msimbo unaotengeneza faili la Excel, kisha ikanakiliwa tena kwenye ule unaotuma arafa kwa mfugaji. Bodi ilipoanzisha makato mapya, nakala mbili zilirekebishwa, ya tatu ikasahaulika. Mfugaji alisoma kiasi kimoja kwenye simu, karani akamwonyesha kingine kwenye kioo, na imani iliyovunjika hapo haikurejeshwa kwa kurekebisha mstari mmoja wa msimbo.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba hesabu ya malipo ya mwezi iwe funksheni moja, inayopokea mwanachama na mwezi, inayorudisha kilo, makato na kiasi, na isiyojua chochote kuhusu kivinjari, kitufe wala arafa. Ukurasa utaiita, faili la Excel litaiita, kazi inayoendeshwa usiku itaiita, na jaribio litaiita pia. Kwa kuwa haihitaji kivinjari, mnaweza kuijaribu kwa sekunde chache: mpeni mwanachama wa kubuni kilo 10 kila siku ya Machi, wekeni bei mbili zile, na mdai jibu liwe 14,430 kamili. Kwa upande wake, msimbo unaopokea ombi kutoka kwenye kivinjari uwe mfupi: usome kilichotumwa, uhakikishe anayetuma ni nani na ana ruhusa gani, uite funksheni inayohusika, kisha urudishe ukurasa. Mkiona kilo zinazidishwa kwa bei ndani ya faili la ukurasa, hesabu hiyo imewekwa mahali pasipo pake.

Mimi hupendelea pia folda zigawanywe kwa mambo ya ushirika, yaani wanachama, mapokezi, mikopo na malipo, kuliko kwa aina ya msimbo, kwa sababu mtu akiambiwa makato yamebadilika ataelekea folda ya malipo moja kwa moja. Wengine huona tofauti, na kiunzi mnachokitumia kikiwa na desturi yake, ifuateni. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kutoigawa programu kuwa huduma nyingi zinazojitegemea. Wanachama 800 wakileta maziwa mara mbili kwa siku, mwaka mzima ni mistari 584,000. PostgreSQL kwenye seva ya kawaida huibeba idadi hiyo bila shida. Programu moja na hifadhidata moja zinawatosha kwa miaka mingi, na mtalala usingizi.

Kufunga mwezi ni mahali pengine pa kutulia. Mfumo huandika malipo ya kila mwanachama, huweka alama kwamba mikopo fulani imekatwa, kisha hufunga mwezi. Stima ikipotea katikati, au seva ikizimika, msiachwe na nusu ya wanachama waliokatwa mikopo bila kuandikiwa malipo. Hifadhidata ina chombo cha kuzuia hilo, nao ni muamala: hatua zote hufanikiwa pamoja au hakuna hata moja inayobaki. Zungusheni hatua hizo kwa muamala mmoja, na mjaribu kwa makusudi kuukatiza katikati ili mwone kwamba kweli data inarudi ilivyokuwa.

Lakini ndani ya muamala huo msiweke ombi la kutuma pesa. Hifadhidata inaweza kufuta ilichoandika, ila haiwezi kurudisha shilingi ambazo Safaricom imekwishazipeleka kwenye simu ya mtu. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, hutumiwa na programu zetu kupitia Daraja, kiolesura cha Safaricom cha kuunganisha programu na M-Pesa, na anayeanza anapaswa kuelewa kwamba jibu la kwanza mtakalolipata katika kutuma malipo husema tu kuwa ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ya seva yenu. Kati ya hayo mawili mtandao unaweza kukatika, seva yenu inaweza kuwa imezimwa, na matokeo yanaweza kufika yamechelewa au yasifike kabisa. Basi fuateni mwendo huu: kwanza andikeni mstari wa malipo wenye hali ya kusubiri na mkamilishe muamala, pili tumeni ombi, mkihifadhi namba ya utambulisho mliyorudishiwa, tatu, matokeo yakifika, tafuteni mstari wenye namba hiyo na mbadilishe hali yake. Namba ya risiti ya M-Pesa iwe na sharti la kutojirudia, ili taarifa ileile ikifika mara mbili isihesabiwe mara mbili. Malipo yaliyokaa muda mrefu katika hali ya kusubiri yaulizwe hali yake kwanza. Programu inayotuma tena kwa sababu tu haikupata jibu itamlipa mfugaji mara mbili, na kumwomba mtu arudishe pesa alizokwisha kulipia karo ni kazi ngumu kuliko msimbo wowote.

Vituo vilivyo mbali na mji, hasa maeneo ya milimani, huwa na mtandao wa kusuasua, kwa hiyo simu ya karani ni lazima iweze kuhifadhi mapokezi na kuyatuma baadaye. Kila pokezi lipewe namba ya kipekee ya UUID palepale kwenye simu, kabla ya kutumwa, na hifadhidata iikatae namba iliyokwisha kuingia. Hivyo simu inaweza kutuma mara nyingi itakavyo bila kuzaa kilo za uongo, na swali la mkebe wa pili limejibiwa pia, kwa kuwa kila mkebe una namba yake. Hifadhini nyakati mbili: wakati maziwa yalipopimwa na wakati taarifa ilipofika kwenye seva. Taarifa ya jioni ya tarehe 31 inayofika asubuhi ya tarehe 1 ni ya mwezi uliopita, na mhasibu atataka kujua imechelewa wapi.

Seva nyingi za kukodi huhesabu saa kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Kazi mliyoipanga iendeshwe saa sita na dakika tano usiku wa kuamkia tarehe 1 itaikuta seva ikisoma 21:05 ya siku ya mwisho wa mwezi, na ikiuliza leo ni mwezi gani itajibiwa mwezi uliopita. Hifadhini nyakati kwa UTC, mzibadilishe kuwa saa za Nairobi wakati wa kuonyesha na wakati wa kuamua siku. Tarehe ya zamu ya maziwa, kwa upande wake, ni tarehe tupu isiyohitaji saa; ihifadhiwe hivyo.

Mfumo ukianza kuwa mzito, sababu ya kawaida ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ukurasa unaoorodhesha wanachama 800, kisha kwa kila mmoja unaiuliza hifadhidata salio lake, na hivyo kupeleka maswali 801 pale ambapo maswali mawili, au hata moja, yangetosha. Viunzi huficha jambo hili kwa sababu msimbo wake unaonekana mfupi na safi. Washeni kumbukumbu ya maswali ya SQL wakati wa kutengeneza, na msome yanayopita. Ya pili ni kukosa faharasa, orodha iliyopangwa inayoiwezesha hifadhidata kufikia mistari inayotafutwa bila kulisoma jedwali zima. Swali mtakalouliza zaidi ni mapokezi ya mwanachama fulani kati ya tarehe mbili, kwa hiyo faharasa ya mwanachama na tarehe kwa pamoja ndiyo ya kwanza kuwekwa. MySQL ikitumia InnoDB, injini yake ya kawaida ya kuhifadhi data, hujitengenezea faharasa kwa safu yenye ufunguo wa kigeni, lakini PostgreSQL haifanyi hivyo, muiweke wenyewe. Amri ya EXPLAIN itawaonyesha hifadhidata inapita njia gani kutafuta jibu, na kuizoea mapema kutawaokolea siku nyingi za kubahatisha. Anayetegemea kiunzi kumwandikia SQL bila kuijua mwenyewe atafika hapa akwame, kwa hiyo jifunzeni SQL kwa dhati, pamoja na JOIN ya kuunganisha majedwali na GROUP BY ya kujumlisha kwa makundi, kabla ya kujifunza kiunzi cha pili.

Kuhusu usalama nitakuwa mfupi, kwa kuwa kanuni zake zinajulikana na kinachopungua ni utiifu. Maneno yaliyoandikwa na mtumiaji yasiunganishwe na SQL kwa kubandika; pelekeni thamani kama vigezo, yaani kando na amri yenyewe. Nywila zihifadhiwe kwa bcrypt au Argon2, njia za kuzigeuza zisisomeke, si kama zilivyo. Ruhusa ikaguliwe kwenye seva kwa kila ombi, maana kuficha kitufe hakumzuii karani wa kituo kimoja kubadilisha namba katika anwani ya ukurasa na kusoma mambo ya mwanachama wa kituo kingine. Na kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu wanaokusanya namba za vitambulisho na za simu, ulizeni kwa kila safu ya jedwali la wanachama ushirika unaihitaji kwa kazi gani. Isiyo na kazi iondolewe kabla haijajazwa.

Muundo wa hifadhidata utabadilika, na kila badiliko liandikwe katika faili la mabadiliko linalotunzwa pamoja na msimbo kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ili mwenzenu aweze kuunda hifadhidata nzima kutoka mwanzo kwa amri moja. Kuingia kwenye seva inayotumika na kuongeza safu kwa mkono huzaa hifadhidata mbili zisizofanana, na hakuna atakayejua ipi ni sahihi. Mkiongeza safu ya lazima kwenye jedwali lenye mistari mingi, ongezeni kwanza ikiwa inaruhusu utupu, mjaze thamani za mistari ya zamani, kisha ndipo mweke sharti la lazima.

Nakala za akiba zitolewe kila siku kwa pg_dump (ya PostgreSQL) au mysqldump (ya MySQL) na zihifadhiwe nje ya seva inayotumika, maana seva ikiharibika huondoka na vyote vilivyomo. Mara kwa mara chukueni nakala ya jana, irejesheni kwenye kompyuta nyingine isiyo na kitu, iwasheni programu juu yake, na mlinganishe jumla ya kilo na malipo ya mwezi uliofungwa na zile zilizomo katika mfumo unaotumika. Zikilingana hadi desimali ya mwisho, andikeni tarehe ya zoezi na muda lililochukua katika maelezo ya mfumo, ili siku ya dharura anayepigiwa simu na mwenyekiti wa ushirika aweze kumwambia atarudishiwa huduma baada ya saa ngapi.